SOMO LA KIINGEREZA: NENO "LOG", MATAMSHI YAKE NA MAANA ZAKE

Katika lugha ya Kiingereza yako maneno mafupi mno ambayo kazi zake ni nyingi kuliko herufi zake. Mwanafunzi huyakuta katika kitabu chake cha kwanza, huandikiwa maana moja, huishika maana hiyo kwa moyo, akadhani kwamba neno lile amekwisha kulijua. Baadaye hukutana nalo njiani likiwa na kazi nyingine, naye asilitambue. Neno moja la namna hiyo ni "log". Leo tutalitazama kwa utaratibu: kwanza namna linavyotamkwa, kisha maana zake moja baada ya moja, na mwisho maswali machache ambayo msomaji ataweza kujipima nayo.

Mifano yetu tutaitoa Magogoni, katika Kisauni, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Tumechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni jina lenyewe. Kila ajuaye Kiswahili, asikiapo "Magogoni", hufahamu mara moja kuwa ni mahali penye magogo. Jina hilo halipo Mombasa peke yake, kwani hata Dar es Salaam iko Magogoni, karibu na gati la vivuko viendavyo Kigamboni. Na kitabu cha mwanafunzi husema kwamba gogo kwa Kiingereza ni "log".

Sababu ya pili ni kwamba mkazi wa Magogoni hukutana na neno hili kila wiki, na mara nyingi si kwa maana ya gogo. Katika tangazo la mikopo husoma "Log book loans". Katika duka la saiba kioo cha kompyuta humwambia "Log in". Gazetini huona habari za "logging". Mtoto wake akirudi shuleni huja na hesabu iliyoandikwa "log 2". Mtu aliyejifunza maana moja tu atajiuliza: je, ni magogo yanayokopeshwa? Ni gogo linalotiwa ndani ya kompyuta? Watu wanaweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha tu. Zipo maana za neno hili ambazo mtu akizikosea huenda akapoteza pikipiki yake, au akamwachia mtu mwingine mlango wa mali yake wazi.

MATAMSHI

Neno hili lina herufi tatu, na sauti zake ni tatu vile vile.

Sauti ya kwanza ni l, kama ile ya "lala". Ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo kidogo. Wako wenzetu ambao katika lugha za kwao l na r hazitengani sana. Hao yafaa wajihadhari, kwa sababu Waingereza wanalo neno "rock", ambalo maana yake ni mwamba, nalo si mbali na "log" kwa sikio la mtu asiyezoea.

Sauti ya pili ni o, lakini si o yetu hasa. O ya "log" ni fupi, na mdomo hufunguka zaidi kuliko tunavyoufungua katika neno la Kiswahili. Isivutwe kama katika "go" au "load". Wamarekani wengi huitamka karibu na a. Basi msomaji akisikia katika filamu neno linalofanana na "laag", asidhani kuwa ni neno jingine.

Sauti ya tatu ni g ya "gari", wala si j wala gh. Hapa ndipo penye taabu. Maneno ya Kiswahili humalizika kwa a, e, i, o au u, na ulimi uliozoea hivyo hautaki kusimama juu ya g peke yake. Hutafuta pa kupumzikia, mtu akasema "logi" au "logu". Tusemapo Kiswahili si vibaya kusema "logi", maana ndivyo tunavyowakaribisha wageni katika lugha yetu. Lakini tusemapo Kiingereza hapana budi tukome kwenye g.

Iko njia rahisi ya kujizoeza. Sema "gogo". Sasa ondoa o ya mwisho, useme "gog". Kisha badili g ya mwanzo, uweke l: "log". Rudia mara kumi, ukikaza mdomo wazi katikati na kuufunga koo mwishoni. Hivyo neno letu wenyewe hutusaidia kulitamka neno la wageni.

Baada ya hapo jizoeze kulitenga neno hili na jirani zake:

"Log" na "lock". Neno la pili maana yake ni kufuli, au kufunga kwa kufuli. Weka vidole juu ya koo. Katika g utausikia mtikiso, katika k hutausikia. Tena o iliyo mbele ya g huwa ndefu kidogo kuliko iliyo mbele ya k. Sikio la Mwingereza hutegemea sana alama hiyo.

"Log" na "long". Neno la pili, lenye maana ya -refu, humalizika kwa sauti ya "ng'ombe".

"Log" na "lodge". Hili la mwisho humalizika kwa sauti iliyo karibu na j yetu ya "jana". Kutokana nalo hupatikana "lodging", yaani mahali pa kulala wageni. Vibao vya "Boarding and Lodging" viko katika miji mingi ya Kenya. Mwenye kuandika "Boarding and Logging" amewaahidi wageni wake chakula na ukataji wa miti.

Juu ya maandishi, shika kanuni moja: herufi g huongezwa ikawa mbili kabla ya -ed na -ing. Huandikwa "logged" na "logging". "Logged" hutamkwa kwa mpigo mmoja tu, "logd", wala si "log-ged". Na katika "logs" herufi ya mwisho husikika kama z.

MAANA YA KWANZA: GOGO

Maana ya asili ni shina la mti au tawi nene lililokatwa au kuanguka, ambalo halijapasuliwa mbao. Kiswahili hutenga gogo, boriti, mbao na kuni. Na Kiingereza hutenga vile vile. Gogo ni "log", boriti ni "pole", ubao ni "plank", na kuni ni "firewood". Lakini tofauti iko moja: kipande kinene cha kuni kilicho tayari kutiwa motoni Waingereza hukiita "log" pia.

"The men rolled the log to the shore." Wanaume waliliviringisha gogo mpaka pwani.

"This canoe was cut from one log." Mtumbwi huu ulichongwa katika gogo moja. Sentensi hii itafahamika upesi na watu wa pwani, ambao mitumbwi yao mingi ilichongwa katika shina moja la mwembe.

Neno hili hutumika pia kama kitendo. "To log" ni kukata miti ya msituni kwa ajili ya magogo, na kazi hiyo huitwa "logging". Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuliondoa zuio hilo. Katika magazeti ya Kiingereza habari hizo ziliitwa habari za "logging ban". Aliyedhani ni marufuku ya kuingia katika kompyuta hakuupata ujumbe wake.

Uko pia msemo: "He slept like a log." Mwingereza husema mtu amelala kama gogo, kwa kuwa gogo haligeuki wala halisikii. Sisi tungesema ana usingizi wa pono. Mfasiri mwema hatatafsiri gogo kwa gogo hapa, bali atatoa samaki mahali pa mti.

MAANA YA PILI: BATLI

Sasa tunaingia baharini, na hapa ndipo neno lilipozaa watoto wengi. Zamani mabaharia wa Kizungu hawakuwa na saa ya kuwaonyesha mwendo wa chombo. Walitupa kipande cha gogo majini, wakatazama chombo kinavyokiacha nyuma. Baadaye kipande hicho kikachongwa kuwa kibao kidogo chenye risasi ukingoni ili kisimame wima majini, kikafungwa kamba ndefu yenye mafundo. Mwingereza William Bourne alikieleza chombo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1574. Kibao kile, kwa kuwa asili yake ni kipande cha gogo, kiliendelea kuitwa "log".

Mabaharia wa Kiswahili walikuwa na neno lao kwa chombo hicho: batli. Kutupa kibao na kupima mwendo ni kutia batli.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Baharia mmoja hutupa kibao nyuma ya chombo, mwingine hugeuza chupa ya mchanga ya kupimia wakati, na wa tatu huhesabu mafundo yanayopita mkononi mpaka mchanga umalizike. Kwa chupa ya sekunde 28, nafasi kati ya fundo na fundo ilikuwa yapata mita 14.4. Nafasi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ilipimwa hata idadi ya mafundo yaliyopita ikawa sawa na idadi ya maili za bahari ambazo chombo kingekwenda kwa saa moja. Maili ya bahari ni mita 1,852. Ndiyo sababu mpaka leo mwendo wa meli hutajwa kwa mafundo, kwa Kiingereza "knots". Meli ya mafundo 10 huenda kilomita 18.52 kwa saa.

MAANA YA TATU: DAFTARI LA SAFARI

Mwendo uliopimwa ulipaswa kuandikwa. Nahodha aliweka daftari ambamo aliandika saa, mwendo uliotokana na batli, upande chombo kielekeako, upepo, na mambo yote yaliyotokea. Daftari hilo likaitwa "log book", yaani kitabu cha batli. Na baadaye likaitwa "log" tu. Hivyo jina likahama, likatoka katika mti likaingia katika karatasi.

"The captain wrote the time in the log." Nahodha aliandika saa katika daftari la safari.

Kila meli kubwa inayoingia Kilindini ina daftari la namna hii. Chombo kikigongana na kingine, au mzigo ukipotea, daftari hutafutwa mapema, kwa sababu liliandikwa wakati ule ule jambo lilipotokea, kabla watu hawajaanza kutetea upande wao.

Kutoka baharini desturi hii ilipanda nchi kavu. Mwalimu mkuu ana "log book" ya shule, ambamo huandika wakaguzi waliofika na mambo makubwa yaliyotukia. Na kitendo "to log" kikapata maana mpya: kuandika jambo katika daftari kwa utaratibu. "The nurse logged every visit." Muuguzi aliandika kila ziara. Hapo hapana mti uliokatwa.

MAANA YA NNE: "LOG BOOK" YA GARI

Hii ndiyo maana iliyo karibu zaidi na mfuko wa mkazi wa Magogoni, na kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Waingereza walikuwa na kitabu kidogo cha kila gari, ambamo majina ya wenye gari yaliandikwa mmoja baada ya mwingine, kama nahodha aandikavyo safari. Wakakiita "log book". Jina hilo lilifika Kenya na limekaa. Leo hati hii hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ndani yake huandikwa namba ya gari, namba ya chesi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na jina la mwenyewe. Si gari kubwa tu. Pikipiki ya bodaboda ina yake, na tuktuk ina yake.

Nguvu ya hati hii iko katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8: mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani atakayesema "gari ni langu" na jina lake halimo, mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Aliyelipa fedha zote na kupewa ufunguo tu, bado jina la mwingine linamwandama.

Sasa tazama maneno "log book loan". Si mkopo wa kununulia daftari. Ni mkopo ambao dhamana yake ni gari lenyewe. Mkopaji huendelea kulitumia gari lake, lakini kwa kawaida jina la mkopeshaji huandikishwa pamoja na la mwenye gari, na gari haliwezi kuuzwa kihalali bila yeye kujua. Mkopaji akishindwa kulipa, gari huchukuliwa na kuuzwa. Tena iko Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, ambayo iliweka rejista ya dhamana za namna hii, hata mkopeshaji aweze kuidai haki yake juu ya mali iliyokwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kuingia harusi hii na ajue kwanza kilichowekwa mezani.

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga ili maana ionekane wazi. Wanaozungumza ni kijana wa Magogoni na mzee aliyestaafu kazi ya ubaharia.

KIJANA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Waenda wapi na haraka hiyo?

KIJANA: Nimepata tuktuk ya kununua. Muuzaji asema "log book" iko. Nakwenda kumpa fedha yake.

MZEE: Umeiona hiyo "log book"?

KIJANA: Amenionyesha picha yake katika simu.

MZEE: Jina lililoandikwa ni lake?

KIJANA: Si lake. Asema ni la mtu aliyemuuzia yeye. Na pamoja na jina hilo liko jina la kampuni ya mikopo.

MZEE: Basi yule akwambiaye "iko" hakusema uongo, lakini hakukufaa. "Log book" kuwako si kitu. La kuuliza ni: imeandikwa nini? Mimi nilikaa baharini. Kule hatukuuliza kama daftari liko, tulilifungua tukasoma.

KIJANA: Na jina la kampuni lina maana gani?

MZEE: Lina maana kwamba tuktuk bado imefungwa kwa deni. Ukitoa fedha leo, huyu atakwenda zake, na mwenye deni atakuja kuichukua tuktuk kwako wewe.

KIJANA: Nifanyeje basi?

MZEE: Deni lilipwe kwanza, jina la kampuni liondolewe. Kisha yule aliyeandikishwa akuhamishie wewe kwa jina lako. Fedha yako iwe ya mwisho kutoka, isiwe ya kwanza.

KIJANA: Ahsante, mzee. Ningalinunua deni la watu.

Shauri la mzee huyu ni jema. Tuongeze mawili. La kwanza, mnunuzi alinganishe namba ya chesi na ya injini zilizoandikwa na zile zilizopigwa katika chombo chenyewe. La pili, asiitegemee picha wala karatasi, bali aombe habari za gari katika kumbukumbu za NTSA, ambazo hupatikana kwa malipo. Picha huweza kuwa ya mwaka jana, na mwaka jana deni lilikuwa halijaingia.

MAANA YA TANO: "LOG IN" NA "LOG OUT"

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, kompyuta moja ilianza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ikapasa kila mtu ajitambulishe kwanza, atoe neno lake la siri, na muda wake wa kutumia mashine uandikwe. Jambo hili lilifanana na mgeni anayeandika jina lake na saa katika daftari la mlinzi langoni. Kwa hiyo kuingia kukaitwa "log in", na kutoka kukaitwa "log out". Maana yake ni kuandikwa kwamba umeingia, na kuandikwa kwamba umetoka. Kwa Kiswahili twasema ingia na toka. Na lile neno la siri wengine huliita nywila.

Kama kitendo huandikwa maneno mawili, "log in", na mkazo wa sauti huwa juu ya "in". Kama jina la kitu huandikwa neno moja, "login", na mkazo huhamia mwanzoni.

Hapa tofauti ya g na k, tuliyoieleza katika matamshi, ina faida kubwa. Kompyuta ikiandika "You have been logged out", maana yake umetolewa nje, nawe waweza kuingia tena kwa neno lako la siri. Lakini ikiandika "Your account has been locked", maana yake mlango umefungwa kwa kufuli, mara nyingi kwa sababu neno la siri lilikosewa mara nyingi. Mwenye kusikia maneno hayo mawili kuwa moja atazidi kubahatisha neno la siri, na kila jaribio lisilo sahihi huweza kumchelewesha zaidi.

Wakazi wengi hufanya shughuli zao za serikali katika maduka ya saiba: eCitizen, maombi ya vyuo, na hata kuhamisha "log book" ya gari. Mtu hufanya "log in", hupata alichokitaka, hulipa, akaondoka. Hakufanya "log out". Kuzima kioo si kutoka; ni sawa na mgeni aliyetoka nyumbani akazima taa na kuuacha mlango wazi. Anayekaa kitini baada yake aweza kumkuta yeye bado yumo. Ni kweli kwamba Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, lakini sheria humfuata mwizi, haiurudishi usiku uliopita. Basi tazama msomaji jinsi maana ya nne na ya tano zinavyokutana: hati ya gari lako iko nyuma ya "log in" yako. Asiyejua moja hulinda nusu tu.

Kutokana na ukoo huu limezaliwa pia neno "blog". Mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger alianza kuyaita maandishi ya kila siku katika intaneti "weblog", yaani daftari la mtandao. Mwaka 1999 mwenziwe Peter Merholz akalikata kwa mzaha likawa "blog", nasi twasema blogu.

NENO LISILO LA UKOO HUU

Mtoto wa shule aandikapo "log 2" hana gogo, hana batli, wala hana daftari. Hiyo ni kifupi cha "logarithm", neno lililotungwa na John Napier wa Uskoti, aliyetangaza kazi yake mwaka 1614. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la uwiano na moja la namba. Limefanana na "log" kwa umbo tu, kama watu wawili waitwao Ali wasio na babu mmoja.

Kazi yake ni kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Katika majedwali ya shule, log ya 2 ni 0.3010, na log ya 5 ni 0.6990. Zijumlishe, utapata 1.0000, ambayo ni log ya 10. Na kweli 2 mara 5 ni 10. Kwa namba ndogo faida haionekani; lakini kabla ya kikokotoo, mabaharia na wahandisi waliokuwa na namba za tarakimu saba waliokoa siku nyingi kwa njia hii.

NAMNA YA KUTAMBUA MAANA

Neno halitembei peke yake; tazama jirani zake. Likiwa na "tree", "fire" au "forest", ni gogo. Likiwa na "captain" au "ship", ni batli au daftari la safari. Likiwa na "book" na habari za gari, ni hati. Likifuatwa na "in" au "out", ni kuingia na kutoka. Likifuatwa na namba, ni hesabu. Na likiwa katika karatasi unayotakiwa kuitia sahihi, usitie kwanza. Uliza ni "log" gani, na jina la nani litaandikwa humo. Kuuliza maana si aibu ya mjinga.

MASWALI

Eleza maana ya neno "log" katika kila sentensi, au useme kama halimo.

1. "The children sat on a log."
2. "Please log out before you leave."
3. "Whose name is in the log book of this motorcycle?"
4. "The captain signed the log."
5. "Find the log of 1,000."
6. "My account is locked."

MAJIBU

1. Gogo. Watoto waliketi juu ya gogo. 2. Kutoka katika kompyuta. Tafadhali jitoe kabla hujaondoka. 3. Hati ya chombo. Ni jina la nani lililo katika hati ya pikipiki hii? 4. Daftari la safari. Nahodha alitia sahihi katika daftari. 5. Hesabu, jibu ni 3, kwa kuwa 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. 6. Neno "log" halimo. Hili ni "lock", yaani kufuli. Aliyekosea swali hili na arudi kwenye matamshi, aweke vidole kooni, aanze tena na "gogo".